Mrejesho: Mabomba yamesalimika kwenye baridi ya Galveston

Ndugu zangu, niliuliza namna ya kuyalinda mabomba ya maji hapa Galveston, Texas, mji wa pwani ambao nyumba zake nyingi hazikujengwa kuhimili baridi ya kugandisha maji. Nawashukuru kwa dhati. Mabomba yale ya chini ya sakafu tuliyaviringishia mablanketi, tukaacha koki ya jikoni ikidondosha maji usiku kucha, na hakuna bomba lililopasuka. Onyo lenu la kutowasha jiko la mkaa ndani ya nyumba ndilo lililonigusa zaidi, kwani Februari 2021, umeme ulipokatika jimboni humu, watu walikufa kwa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu itokayo kwenye moto, wakijipasha joto ndani. Mzee jirani yetu alikuwa ameshaliingiza jiko lake sebuleni. Tulilitoa, tukamkaribisha chumbani kwetu, milango tukiiziba kwa taulo. Ila mwembe wetu mchanga umekauka majani kwa baridi hiyo. Je, niukate sasa au nisubiri joto lirudi?