Naomba ushauri: pini za dhahabu zinabadilisha sauti kweli?

Wakuu, habari za leo. Niko Moshi, nasimamia vyombo vya kwaya kanisani kwetu. Wiki ya tatu sasa spika ya kushoto inanguruma, mngurumo wa chini usiokoma, hata mixa ikiwa imeshushwa yote. Duka moja mjini wameniambia ning'oe pini zote, yaani vichwa vya kuchomeka vya nyaya, niweke zilizopakwa dhahabu, shilingi 180,000. Hela hiyo ni sadaka za watu, roho inasita.

Ninavyojua, shaba inapitisha umeme vizuri kuliko dhahabu. Sifa ya dhahabu ni kwamba haishiki kutu. Sasa sauti itanogaje kwa kupakwa tu?

Jana usiku nikafungua jeki (kichwa cha kuchomeka) ya waya unaotoka kwenye mixa kwenda spika hiyo ya kushoto. Ule waya wa ngao, uliosukwa kuzunguka waya wa kati, umebaki nyuzi mbili tu zimeshikilia, na risasi ya kuchomea imepasuka. Nikiutikisa, ngurumo inapanda. Nikahisi ugonjwa uko hapa, siyo kwenye rangi ya pini.

Halafu waya wenyewe ni mrefu, mita 20, jeki ya kawaida. Mixa na spika zote zina tundu za XLR, zile za pini 3 zinazofuta kelele za njiani. Nihamie huko moja kwa moja, au nichomee upya kwanza nisikilize? Na aliyewahi kulinganisha pini za dhahabu na za kawaida kwa masikio yake, alisikia tofauti? Jumapili tunaimba, msinipite jamani.