Tupeane uzoefu: ufunguo wa gari la umeme umepotea na wa akiba haupo

Habari zenu wanajamii. Wengi wetu tunaoendesha Nissan Leaf zilizotumika Japani tulikabidhiwa gari na ufunguo mmoja tu, kwa hiyo naomba aliyewahi kuupoteza atueleze alivyojinasua.

Naanza na yangu. Ufunguo wetu uliibwa pamoja na mkoba wa mke wangu katika soko la Kongowea, Mombasa, na gari likabaki limefungwa kando ya barabara. Halikuweza hata kusukumwa, kwa kuwa gia ya kuegesha hufungwa na kufunguliwa kwa umeme. Wavutaji walitaka kulinyanyua kwa nyuma nikawakatalia, maana magurudumu yanayoendesha Leaf ni ya mbele nayo hayafai kuburutwa. Hatimaye lilipakiwa lote juu ya lori. Fundi wa funguo hakugusa kitasa mpaka alipoona logbuku (hati ya umiliki wa gari), kitambulisho changu na abstrakti ya polisi (hati ya kwamba wizi umeripotiwa), na kwa hilo namheshimu sana, kwani anayemfungulia kila mtu atamfungulia na mwizi.

*Mwanachama, Dar es Salaam*
Pole sana, kaka. Mimi niliuziwa rimoti, yaani ufunguo wenyewe wa Leaf, iliyotoka kwenye gari la Uingereza, na muuzaji akaniapia kwamba itakubali. Kwa macho zilifanana kila kitu, lakini za Japani hutumia masafa ya redio ya megahezi 315 na za Ulaya 433, hivyo gari halikuisikia kabisa. Ulizeni masafa kabla ya kutoa pesa.

*Mwanachama, fundi wa funguo, Nairobi*
Niongeze kwamba hata masafa yakilingana, rimoti iliyokwisha kuandikishwa kwenye gari jingine kwa kawaida hukataa mpaka kumbukumbu yake ifutwe, kwa hiyo mpya ndiyo salama zaidi. Kazi yenyewe huwa hivi: tunasoma kitasa cha mlango wa dereva ili kujua meno ya ufunguo wake, na kuchonga ule ufunguo mdogo wa chuma unaofichwa ndani ya rimoti, kisha tunaunganisha kompyuta kwenye soketi iliyo chini ya usukani, tunapata namba ya siri ya gari na kuandikisha rimoti. Betri kubwa ya kuendeshea haihusiki hapa. Inayotusumbua ni ile ndogo ya volti 12, ambayo ikilegea katikati ya kazi inaweza kuharibu kumbukumbu za kompyuta ya gari, ndiyo maana huiwekea chaja kwanza. Gari hupokea hadi funguo nne. Mwombe fundi aandikishe mbili kwa wakati mmoja, kwani wa pili haumwongezei kazi kubwa.

*Mwanachama, Kigali*
Kwa ambaye ufunguo anao lakini gari haliutambui: huenda betri ndogo iliyo ndani ya rimoti imekwisha. Gusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia, maana chipu iliyo ndani husomeka hata bila betri.

*Mwanzisha mada*
Shukrani kwenu nyote. Fundi, je, aliyeuiba ule wa zamani anaweza kuja kulichukua gari?

*Fundi wa funguo*
Kuliwasha hawezi, kwa sababu funguo zote zisizokuwepo wakati wa kuandikisha hufutwa. Ila kile chuma kilichomo ndani yake bado kinafungua mlango wa dereva, kwa hiyo, kwa kuwa uliibwa, badilisha kitasa cha mlango huo, na kabla hujafanya hivyo usiache kitu cha thamani ndani.