Tupeane uzoefu: siku moja ya kushuka mlima kwa baiskeli na kiongozi, kutoka Nairobi

Mwenye uzi
Wakuu, masika yakiisha watu huanza kuulizia safari za vilima vya Ngong na msitu wa Kijabe, na wengi wao wamezoea msitu wa Karura, hapa Nairobi, siku za Jumapili tu. Hapa tuweke mambo ya kazi: baiskeli, njia, kiongozi, mwili. Visa vya nani alianguka wapi viwe na uzi wake.

Fundi Kariobangi
Naanza na breki kwa sababu ndizo zinazoamua siku. Hesabu ni hii: mtu na baiskeli yake wakiwa kilo 90 wakashuka mita 800, nguvu ile ingetosha kuchemsha karibu lita 2 za maji. Upepo na ardhi huchukua sehemu, inayobaki huishia kwenye diski mbili nyembamba za breki. Ndiyo maana anayebana breki kidogo kidogo bila kuachia hufika katikati ya mteremko pedi zinazobana diski zinanuka na hazishiki tena. Bana kwa nguvu, punguza mwendo, kisha achia kabisa zipoe.

Kabla ya safari, toa pedi uzitazame. Unene wa sehemu inayosuguana na diski ukikaribia milimita 1, badilisha. Pedi mpya hazishiki vizuri siku ya kwanza: tafuta barabara tulivu, kimbia, bana hadi karibu usimame, achia, rudia mara 20 hivi. Usipulizie cheni mafuta ya kopo diski ikiwa karibu. Tone moja likigusa pedi, breki inalia na kuteleza, na mara nyingi dawa ni kununua pedi nyingine.

Halafu hili la mtumba. Baiskeli nyingi za kwetu zina breki ya mbele mkono wa kulia, lakini zilizotoka bara la Ulaya au Marekani mara nyingi ni kinyume. Ukikodishiwa, sukuma baiskeli polepole, bana mkono mmoja mmoja, ujue upi ni wa mbele. Kwenye mteremko, kubana wa mbele ghafla ukidhani ni wa nyuma kunakurusha juu ya usukani.

Mama Gia, Rongai
Fundi, ongezea la kupakia kwenye pikapu. Ukitoa gurudumu, chomeka kipande cha katoni kati ya pedi. Mtu akigusa mkono wa breki ya mafuta njiani bila diski kuwepo, pedi zinagusana zenyewe, kisha gurudumu halirudi mahali pake mpaka zipanuliwe.

Kiongozi wa Magharibi
Msidanganywe na neno kushuka. Kilele cha Ngong kiko mita 2,460 na Nairobi iko kama 1,700, halafu ule mgongo wa vilima una kupanda na kushuka kabla hujafika mteremko wenyewe. Pumzi inakatika mapema. Upepo wa pale juu ni mkali, mitambo ya umeme wa upepo haikuwekwa pale bure, na unapokupiga ubavuni kwenye njia nyembamba unakutoa njiani. Njia ya Ngong ni mawe yaliyolegea. Kijabe ni msitu, mizizi na udongo mwekundu: mvua ikinyesha usiku, asubuhi udongo huo unateleza kama sabuni, na mzizi uliolowa ni hatari kuliko jiwe. Uvuke baiskeli ikiwa imenyooka, bila kubana breki juu yake.

Kabla ya kulipa, uliza: kiongozi mmoja anachukua watu wangapi? Kwa wageni wa milima, zaidi ya 6 ni wengi. Nani anafunga msafara nyuma? Gari litawangoja wapi chini, na mtu akivunjika mkono atapelekwa hospitali gani? Asiyekuwa na jibu la hilo la mwisho, mwache.

Tairi Nene
Upepo wa tairi: mtu wa kilo 70 mwenye tyubu aanzie psi 30 hivi (psi ni kipimo cha upepo kwenye pampu). Ukijaza 50 kama wa lami, tairi inaruka juu ya mawe badala ya kuyashika. Ukishusha mno, jiwe linabana tyubu kwenye rimu na kutoboa matundu mawili sambamba. Upande wa Bonde la Ufa miiba ya mgunga haina huruma, beba tyubu 2 za saizi yako na zenye mdomo unaoingia kwenye tundu la rimu yako. Ukichomoa mwiba, pitisha vidole ndani ya tairi taratibu kabla ya kuweka tyubu mpya. Ncha iliyobaki itatoboa hiyo pia.

Dada wa Ngara
Kwa mgeni kabisa: shusha kiti mwanzo wa mteremko. Simama juu ya pedali zikiwa usawa mmoja, visigino chini, magoti na viwiko vimelegea, kidole kimoja kila breki. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Tazama unakotaka kwenda, kwa sababu ukikodolea jiwe macho utaligonga. Maji lita 2, glavu za vidole vyote, pedi za magoti. Viganja vikianza kufa ganzi, mwambie kiongozi asimame papo hapo, maana mkono uliochoka haubani breki.

Mwenye uzi
Na ng'ombe njiani?

Kiongozi wa Magharibi
Simama, shuka, msubiri mchungaji apitishe mifugo. Usipige kengele. Mbuzi hutawanyika, na mara nyingi wa mwisho hukimbilia upande ulioko wewe.