Mtoto ameacha sukari ili Mungu amrudishe mama yake kabla ya Pasaka. Nimfundisheje kungoja?

MamaMkubwa_Tanga

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Ninamlea binti wa mdogo wangu. Ana miaka minane, yuko darasa la tatu, na mwaka huu ameanza mafundisho ya komunyo ya kwanza. Mama yake yuko Muscat, Oman, kwa kazi za ndani, mkataba wa miaka miwili, unaisha mwezi wa kumi. Tunaongea naye usiku sana siku hizi, kwa sababu ni Ramadhani na nyumba anayofanyia kazi jiko halizimwi mpaka daku.

Jumatano ya Majivu tulipotoka kanisani binti aliniambia ameacha sukari. Nilimsifu. Baada ya siku chache nikamsikia anasali kabla ya kulala: "Mungu, mimi sukari sili, na wewe mlete mama Pasaka." Aliyasema kwa utulivu kabisa, kama mtu aliyekwisha kulipa dukani, sasa anasubiri kufungiwa mzigo wake.

Tunakaa Ngamiani na majirani zetu karibu wote wamefunga, maana mwaka huu Ramadhani na Kwaresima vimeanza wiki moja. Kuna mama wa nyumba ya pili anampenda huyu mtoto kama mjukuu wake. Jioni humletea sahani ya futari: viazi vya nazi, kaimati, tambi. Binti anakula viazi tu, vyenye sukari anavisukuma pembeni. Yule mama ameanza kudhani mapishi yake hayapendwi. Na juzi mtoto kaniuliza: "Mamkubwa, Idi yao itafika kabla ya Pasaka yetu. Mungu anawajibu wao kwanza?"

Pasaka ni tarehe 5 Aprili. Mama yake hatakuja. Nikimwambia sasa, naogopa ataacha kusali. Nikinyamaza, asubuhi ya Pasaka atakaa mlangoni anaangalia barabara. Watu wananiambia mfundishe subira, subira huvuta heri. Lakini mtoto wa umri huu akisikia hivyo, anaelewa kwamba heri ni ile aliyoiomba na itakuja siku aliyoitaja.

Makatekista na walimu wa Utoto Mtakatifu, kile chama cha watoto parokiani, mlioko humu, naomba mnisaidie. Mtoto kama huyu anafundishwaje kumngoja Mungu, bila kudanganywa na bila kuvunjwa moyo?

MamaPacha_Moro

Milele amina. Dada, msomee Zaburi ya 27, mstari wa mwisho: "Umngoje Bwana, uwe hodari, upige moyo konde." Wanangu wameishika kwa kichwa. Kwetu hela ya ubuyu na barafu inaingia kwenye kibubu mpaka Alhamisi Kuu, kisha tunaipeleka kwa wagonjwa. Ila hilo la kumpangia Mungu tarehe halijanikuta, nasubiri wenye uzoefu waseme.

Katekista_Ruvuma

Mama, pole na hongera kwa malezi. Mimi ni katekista kijijini huku Songea na watoto wa komunyo ya kwanza ndio ninaokaa nao zaidi. Nitajibu kwa urefu.

Mwambie ukweli wiki hii, usingoje Jumapili ya Matawi. Mkalishe mbele ya kalenda ya ukutani, mwonyeshe mwezi wa kumi, mwambie mama atarudi huku, Pasaka hatakuwapo. Habari ya mkataba aipate kwako wewe mtu mzima. Ukimwachia aigundue mwenyewe asubuhi ya Pasaka, ataona ni Mungu aliyemnyima. Atalia, na siku hiyo usimhubirie.

Baadaye mpe maneno ya kulilia mbele za Mungu. Tumezoea kuwafundisha watoto kwamba anayengoja vizuri hanung'uniki, na mimi sikubaliani kabisa na mafundisho hayo. Fungua Zaburi ya 13. Katika mistari miwili ya kwanza tu mwenye kusali anauliza "hata lini" mara nne, na Kanisa linaisali mpaka leo. Binti yako naye anaruhusiwa kuuliza hata lini, na aulize kwa sauti.

Halafu kuna Lazaro. Jumapili ya tano, tarehe 22 Machi, ndiyo Injili yetu mwaka huu. Dada zake walituma habari kwamba kaka yao anaumwa. Yesu akaipokea, akakaa siku mbili zaidi palepale alipokuwa. Alipofika Bethania, Lazaro ana siku nne kaburini. Martha akamwambia wazi kwamba angekuwapo, ndugu yake hangekufa, wala hakukemewa kwa kusema hivyo. Na kabla ya kumwita Lazaro atoke, Yesu alilia. Mimi huwa nasimamisha masimulizi hapo na kuwauliza watoto: kwa nini analia wakati anajua atakachofanya? Binti mmoja alinijibu, "Kwa sababu wao walikuwa wanalia." Hilo ndilo ningependa mtoto wako alishike, kwamba Bwana akikawia hajaacha kuhuzunika pamoja na wanaomngoja.

Na wewe mwenyewe, kabla ya kumfundisha, soma Kutoka sura ya 32. Watu waliona Musa amekawia kushuka mlimani, wakamwambia Haruni awatengenezee miungu, wakavua pete za masikioni, na hapo ndipo ndama wa dhahabu alipotokea. Hawakuwa na la kufanya chini ya mlima. Mtoto anayengoja mikono mitupu huchoka haraka, kwa hiyo mpe kazi ya kila wiki. Amwandikie mama barua, ashike msalaba kwenye Njia ya Msalaba ya watoto, amtembelee mgonjwa wa jumuiya yenu.

Sukari sasa. Kwa sheria ya Kanisa kufunga kunawabana wenye miaka 18 hadi 59, na kuacha nyama ni kuanzia miaka 14. Wa miaka minane hadaiwi. Mwambie hivi: "Mungu alimpenda mama yako kabla hujaacha sukari, na siku ukinywa chai yenye sukari hatamwacha." Usiruke maneno hayo ya mwisho. Watoto wa umri huu huficha hofu kwamba wakiteleza siku moja, baya litampata mtu wanayemwombea.

Kaimati za jirani azile. Isaya 58, tuliyoisoma siku zile baada ya Majivu, inasema kufunga anakokutaka Mungu ni pamoja na kumgawia mwenye njaa chakula chako. Kumkataa jirani anayekugawia chake hakumo. Na nyinyi watu wa pwani mnajua sahani hairudi tupu, basi airudishe yeye mwenyewe ikiwa na kitu.

Swali lake la Idi ni zuri sana, lijibie nje usiku. Idi hufuata kuandama kwa mwezi. Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Mwaka huu mwezi utakaoandama kwa Idi ya majirani ndio huohuo utakaojaa Alhamisi Kuu, na Jumapili yake ni Pasaka. Autazame unavyokua. Hakuna aliyetangulizwa.

Dada_wa_Ruwi

Nimesoma nikalia, maana niko hukuhuku Muscat, na mwanangu yuko Muheza kwa bibi yake.

Huku Ijumaa ni siku ya mapumziko, kwa hiyo Misa ya Jumapili inasaliwa Ijumaa pia. Hapa Ruwi kuna kanisa la Watakatifu Petro na Paulo, ukifika utawakuta Wahindi, Wafilipino na Waafrika wamejaa. Lakini wengi wetu wa kazi za ndani hatupati ruhusa kila wiki, tunasali chumbani. Mimi na mwanangu tumechagua kituo cha nne cha Njia ya Msalaba, Yesu anakutana na Mama yake. Ijumaa usiku ananitumia sauti kwenye WhatsApp akikisali, nami namrudishia yangu. Muscat tumewatangulia saa moja tu, inawezekana.

Mwombe mdogo wako asiahidi simu wala nguo ili kumtuliza. Amwambie mtoto kwamba na yeye anangoja. Mwanangu aliniuliza hivyo siku moja, "Mama, na wewe unangoja?" Tangu nimjibu, maongezi yetu yamebadilika. Zamani alikuwa ananidai tarehe tu. Siku hizi ananiuliza nimekula nini, na kama nimelala.

MamaMkubwa_Tanga

Mungu awabariki wote.

Nimemwambia, mbele ya kalenda kama alivyoelekeza katekista. Alilia sana, akanikasirikia mimi, akamkasirikia na mama yake kwenye simu. Mdogo wangu alivumilia, akamwambia maneno ya dada wa Ruwi, kwamba naye anangoja. Sasa hivi binti anakunywa chai yenye sukari na hasali kwa sauti. Linaniuma, ila sijamlazimisha. Amekubali kituo cha nne kwa sababu mama yake ndiye aliyemwomba. Sahani ameirudisha na ndizi mbivu, na yule mama alifurahi kupita kiasi, akamvuta ndani akamwonyesha jinsi ya kukaanga kaimati. Kila jioni anatoka nje kuuangalia mwezi na watoto wa pale.

Katekista, nina swali moja. Nataka kumpeleka Mkesha wa Pasaka. Sijui kama ni mdogo mno.

Katekista_Ruvuma

Mpeleke. Kutokusali kwa sauti kusikutishe, anayekasirika bado anaongea na Mungu.

Jumamosi Kuu mchana mpitishe kanisani kwanza, aone altare haina kitambaa, tabenakulo, yaani kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi, iko wazi na haina kitu, na hakuna Misa mpaka usiku. Mambo hayo asiyaone usiku tu, akiwa na usingizi. Kisha arudi nyumbani alale vizuri, maana masomo ya Mkesha ni mengi. Fikeni mapema mpate nafasi karibu na moto mpya pale nje, aone padre anavyochora tarakimu za mwaka, 2026, kwenye Mshumaa wa Pasaka. Kengele zitanyamaza tangu wimbo wa Utukufu wa Alhamisi Kuu, kwa hiyo mwambie mapema azisikilizie zitakaporudi kwenye Utukufu wa Mkesha. Mnunulie mshumaa wake mwenyewe, na uuchomeke kwenye kikombe cha karatasi ili nta isimchome mkononi.