Naomba ushauri: echeveria imerefuka shina na majani ya chini yanaoza

Wakuu, habari zenu. Echeveria hii (mmea mdogo wa majani manene yanayohifadhi maji) iko Dar, dirisha la mashariki, inapata jua kwa muda wa saa mbili tu. Shina limerefuka sentimita 8 likifuata mwanga. Majani ya chini yamekuwa manjano, yanang'aa kama yamechemshwa, na ukiyabonyeza yanatoa maji. Hapo maji yamezidi, kwani jani lenye kiu hukunjamana. Udongo ni mboji nusu, mchanga laini nusu. Mchanga huo hushikamana, mizizi ikakosa hewa.

Nataka kukata kichwa, kikae kivulini siku 5 kidonda kikauke, kisha nikipande kwenye kokoto ndogo sehemu 2 kwa mboji 1. Kwa unyevu huu wa masika, siku 5 zinatosha? Na kisiki kikiachwa kikavu kitachipua?