Televisheni ya chogo kijijini: king'amuzi cha antena, cha dishi, au televisheni mpya?

Kijana wa Muheza: Wanajukwaa, salaam. Wazazi wangu wanaishi nje kidogo ya mji wa Muheza, na televisheni yao ya chogo, ingawa ni nzima kabisa, imewekwa kando tangu matangazo ya analojia ya Tanga yalipozimwa mwanzoni mwa mwaka 2013. Mzee anataka taarifa ya habari tu, wala hapendi malipo ya kila mwezi. Ninunue kipi?

Fundi Antena: Ndugu, kwa mahitaji hayo, ningechagua king'amuzi cha antena, kwa kuwa chaneli za bure za hapa nchini hubaki hewani hata kifurushi kikiisha. Hakikisha tu kwamba kinapokea DVB-T2 (mfumo mpya wa matangazo ya dijitali ya antena), kwani kile cha zamani cha DVB-T hakisomi mawimbi ya T2, na kwamba kina matundu ya nyaya tatu (njano, nyekundu na nyeupe), maana chogo halina HDMI, lile tundu la televisheni za kisasa.

Mpenda Dishi: Mkuu, umeruka jambo kubwa. Enzi za analojia mawimbi yakiwa hafifu tuliangalia kwa chenga na habari tukaipata, lakini dijitali ikipungukiwa nguvu picha hugandaganda, kisha hutoweka. Huko kwenye mabonde dishi ndilo la uhakika, japo mvua kubwa hulikatizia mawimbi.

Fundi Antena: Nakubali kuhusu mabonde. Hata hivyo, kumbuka mwaka 2018, chaneli za bure zilipoondolewa kwenye baadhi ya ving'amuzi vya dishi kwa sababu za leseni. Mzee asiyetaka kulipia aulize kwanza ni zipi zitabaki kifurushi kikikatika.

Mama Wawili: Mbona hamtaji televisheni mpya yenye king'amuzi cha T2 ndani? Inatumia umeme kidogo kuliko chogo, na mzee atashika rimoti moja badala ya mbili, jambo ambalo kwa wazee si dogo hata kidogo. Tatizo ni bei, tena nayo bado inahitaji antena.

Kijana wa Muheza: Nyumba ipo mlimani, na jirani anatumia antena ya nje bila shida.

Fundi Antena: Basi azima king'amuzi cha jirani kwa jioni moja, ukijaribu na antena ya UHF (masafa yanayobeba televisheni ya dijitali) iliyoinuliwa juu ya paa. Picha ikitulia, nunua cha namna hiyohiyo na fedha itakayobaki iingie kwenye waya mzuri.