Tupeane uzoefu: Kuosha filamu za slaidi kwa njia ya posta

Mwana wa Menengai, Nakuru: Jana nilifungua sanduku la marehemu baba nikakuta slaidi zake (zile picha za filamu za kuangaziwa ukutani) za heroe wa Ziwa Nakuru, rangi zikiwa bado hai licha ya safari ndefu ya posta. Nilikumbuka tulivyokuwa tukienda posta kila Jumamosi kuuliza kama filamu zake za slaidi za Kodachrome zimerudi kutoka Uingereza, ambako gharama ya kuosha ilikuwa imelipwa pamoja na bei ya filamu. Waliopitia hayo, tuelezane.

Mwalimu Mstaafu, Kisumu: Umenikumbusha jambo zito. Mwaka 1984 mjomba aliniletea mkanda mmoja wa picha 36, nikampiga picha nyanya akianika omena, akisuka kikapu, na akiwa ameketi mlangoni kwake, kwani hakuwa na picha hata moja ya rangi. Niliutuma, nikangoja miezi miwili. Kifurushi kilipofika, nilikuta watoto nisiowajua wakicheza kwenye theluji. Nyanya aliuliza kila wiki kama picha zake zimekuja, nami sikuwa na la kumjibu. Niliandika barua tatu bila kupata jibu. Mwezi wa saba ndipo zilipowasili slaidi zake, zimetumwa na mama mmoja wa ng'ambo nisiyemfahamu, ambaye aliona katika fremu ya kwanza kibao cha shule yetu chenye nambari ya sanduku la posta. Nyanya alikuwa amezikwa wiki tatu kabla.

Shamba la Chai, Kericho: Pole sana, Mwalimu. Kwetu pia ulipotea mkanda mzima wa harusi.

Fundi Picha, Kakamega: Pole, Mwalimu. Kibao hicho ndicho somo: fremu ya kwanza, piga karatasi yenye jina na anwani yako. Hata hivyo, mngaliweza kuosha Nairobi, kama nilivyofanya mimi.

Mwana wa Menengai, Nakuru: Ndugu, uliosha Ektachrome, aina nyingine ya filamu ya slaidi. Filamu hiyo ina viambato vya rangi ndani yake, hivyo maabara yoyote yenye dawa za kuoshea slaidi ziitwazo E-6 huiosha. Kodachrome ilitiwa rangi wakati wa kuoshwa, kazi iliyowezekana katika maabara chache sana duniani.

Fundi Picha, Kakamega: Nakubali kuhusu Kodachrome, lakini sikubali kwamba safari ndefu haikuharibu rangi. Joto ndilo adui, na filamu iliyopigwa haipaswi kukaa. Iweke kwenye friji hadi siku ya kuituma.

Mama Slaidi, Bungoma: Friji iliniharibia mikanda miwili, kwa sababu niliifungua ikiwa bado baridi, ikashika unyevu. Mimi husema itume siku hiyo hiyo, kwa rejista. Je, Kodachrome ambayo haijaoshwa bado ina tumaini? Ninayo moja ya mume wangu.

Mwana wa Menengai, Nakuru: Kwa rangi, hapana, Mama. Maabara ya mwisho, Dwayne's Photo ya Parsons, Kansas, iliacha kuzipokea tarehe 30 Desemba 2010. Inaweza kuoshwa kama negativu nyeusi na nyeupe, nami ningekushauri ujaribu, maana sura itaonekana. Mwalimu, zile slaidi za theluji zilienda wapi?

Mwalimu Mstaafu, Kisumu: Nilimtumia yule mama zote, kwa rejista, pamoja na picha moja ya nyanya, kwa kuwa watoto wale walikuwa wake.